Siku Waziri Alipoisugua Kesho

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Kama kuna msomaji atakayeona kwamba inafanana na nchi yake, namwomba radhi, na nampa pole. Mimi ni mtu wa chini tu. Kazi yangu ni kushika muhuri.

Nchi hiyo ina Wizara ya Kesho. Zamani kila wizara ilikuwa ikipanga mambo yake, ikawa vurugu: hawa wanachimba mtaro, wale wanaufukia. Ndipo Mkuu wa Nchi, mwenye hekima nyingi na subira kidogo, akaona kwamba mipango ina maneno mengi mno. Akaagiza ichorwe picha moja kubwa ya nchi itakavyokuwa miaka sitini ijayo, ichorwe kwenye ukuta wa nje wa Wizara, ghorofa tatu kwenda juu, na kila wizara ipange kwa kuitazama hiyo. Kilichomo kwenye Picha kitajengwa. Kisichomo hakitakuwepo. Ikishapigwa muhuri kwenye pembe ya chini, Picha ni sheria, na hata yeye Mkuu hawezi kuitengua bila hati nyingine yenye muhuri uleule.

Utaratibu huu umetuletea maendeleo makubwa. Kwenye Picha ya kwanza, mchoraji alichora ng'ombe wawili wamesimama pamoja, mmoja nyuma ya mwenzake, na yule wa nyuma akaonekana miguu mitatu. Wizara ya Mifugo ikafungua chuo cha kuzalisha ng'ombe wa miguu mitatu. Mpaka leo wahitimu wa chuo ni wengi, ng'ombe bado. Kwenye kona ya juu ya Picha hiyohiyo kunguru alinya, na Wizara ya Maji ikachimba bwawa lenye umbo lilelile pamoja na vijito vyake vitatu. Sibezi. Bwawa lile lina samaki.

Mimi niliajiriwa pale kama Mtunza Muhuri Daraja la Tatu. Muhuri ni mzito, mpini wake ni wa mpingo, na kwa kuwa kabati la kuuhifadhi halikuwemo kwenye Picha, haukujengewa kabati. Nikawa naufunga kwenye pindo la kanga yangu, kiunoni. Wiki yangu ya kwanza mhudumu wa chai aliumwa, nikaambiwa nimshikie kwa muda. Huo muda una miaka kumi na tisa sasa. Wakubwa wote wananiita Nani Hii. "Nani hii, lete chai." "Nani hii, piga muhuri hapa." Nami huitika, kwa sababu ni kweli, mimi ni nani hii.

*

Mwaka huu Picha ya zamani ilimaliza muda wake, ukatangazwa mchuano wa kuchora mpya. Ili kuepuka upendeleo, michoro ililetwa kwenye makaratasi madogo yenye namba, bila majina. Kamati ya Kesho ikachagua namba kumi na nne kwa kauli moja. Ilikuwa na kituo cha vyombo vya angani juu ya kilima, madaraja yanayoelea, watu wanaoruka. Watu wenyewe walikuwa wadogo kama sisimizi, na kila mjumbe alimwona yule aliyesimama katikati akajua ni yeye.

Mheshimiwa Gaudensi Mpambalioto, Waziri wetu, alisema, "Huyu mchoraji amesoma. Hii ni kazi ya mtu aliyekaa nje miaka mingi."

Ni kweli alikuwa amekaa nje. Alikuwa amekaa nje ya saluni, kwenye vumbi la mtaa wetu, miaka ishirini na mbili, akichora mabango. Jina lake Siwatu Ndomba. Mabango yote ya saluni unayoyaona kuanzia sokoni mpaka stendi ni mkono wake: misuko ya mabutu, yebo yebo, twende kilioni, kila mstari wa kichwa unaweza kuuhesabu. Alipoingia ofisini kupokea barua ya ushindi, mlinzi alimwelekeza mlango wa jikoni.

Kamati haikuweza kurudi nyuma. Namba kumi na nne ilikuwa imeshatangazwa redioni. Basi Siwatu akajengewa majukwaa ya kupandia, ukuta ukafunikwa turubai, akachora miezi minne. Hakuna mkubwa aliyekwenda kumwangalia. Mimi nilikuwa nampelekea chai, maana chai ikibaki hutupwa, na siku moja nilimkuta amekaa juu ya ndoo akila muhogo, nikainua macho.

Walikuwa wanawake kumi na wawili. Wa katikati alikuwa mkubwa kuliko lango la Wizara, mweusi tii, mweusi wa kung'aa, nywele amesuka twende kilioni, amevaa nguo za angani na mkono ameuweka kwenye usukani wa chombo. Goti lake lilikuwa na kovu. Mwingine alikuwa ameinua daraja kwa mkono mmoja ili watoto wapite chini. Mwingine alikuwa anaruka juu ya mawingu, mikono ameitanua. Kulikuwa na bibi mwenye mkono wa chuma akitengeneza mtambo, na mwingine amevaa miwani, ameshika chupa ya maabara na kuitazama kwenye mwanga kama mtu anayechambua mchele.

Nilisimama na birika mpaka chai ikapoa. Nina miaka arobaini na saba. Sijawahi kuona picha ya kesho yenye mtu aliyefanana na mimi. Sikujua kwamba sijawahi kuona, mpaka nilipoona.

"Hilo kovu la goti la nini?" niliuliza.

"Alianguka baiskeli akiwa mdogo," Siwatu alisema. "Wewe unadhani alizaliwa nahodha?"

*

Siku ya ukaguzi Kamati ilishuka yote, wajumbe saba na viti vyao. Alikuwepo Profesa Kihwelo, bingwa wa elimu ya Wakati, na alikuwepo Mshauri Mwelekezi, bwana mmoja aliyeletwa kutoka ng'ambo kutuambia kesho yetu itakuwaje. Turubai lilipoinuliwa, wajumbe wakainua shingo. Waziri akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu wa katikati ni nani?"

"Nahodha wa chombo, mheshimiwa," Siwatu alijibu.

"Hilo naliona. Nauliza ni nani. Ni mke wa nani?"

"Hatujafika huko, mheshimiwa. Ndiyo kwanza anapaa."

Profesa Kihwelo akakohoa. Alieleza kwa upole kwamba helmeti ya angani ya taifa ina kipimo kimoja, na kipimo hicho kilichukuliwa kwenye kichwa cha Mheshimiwa Waziri, kichwa ambacho hakijaona unywele tangu ujana wake. "Kichwa chenye misuko hii hakiingii. Kikilazimishwa, kutabaki upenyo. Hewa itatoka, dada huyu atafariki. Je, sisi kama taifa tunataka afariki?"

"Kwa hiyo mnamfuta ili asife," alisema Siwatu.

"Umeelewa haraka," Profesa alimsifu.

Wakaenda kwa yule anayeruka. Mjumbe mmoja akauliza ungo wake uko wapi, wote wakacheka mpaka viti vikalia. Siwatu akawaonyesha mwanamume aliyekuwa akiruka pembeni yake, mawingu yaleyale, urefu uleule. Wakamweleza kwamba yule ni shujaa. Mwanamume akiruka ni shujaa. Mwanamke akiruka wananchi watafunga madirisha na kuita mganga. Yule wa chupa ya maabara akafutwa kwa sababu kila atakayemwona atasema anapika gongo. Yule wa daraja akafutwa kwa sababu haikuonyeshwa popote nani kamruhusu kuwa na nguvu. Bibi wa mkono wa chuma hakujadiliwa hata kidogo. Waziri alisema tu, "Bibi? Kwenye Kesho?" na karani akaandika.

Mshauri Mwelekezi aliomba kusaidia. Akatoa kadi yenye rangi nane za ngozi, akapanda jukwaa, akaiweka kwenye shavu la nahodha. Rangi yake haikuwemo. Akasema yeye binafsi hana neno, ila dunia bado haijawa tayari kumwona mtu mweusi namna hii ndani ya chombo cha gharama namna ile, macho ya dunia yataumia. Akatazama huku na huko akitafuta mfano, akaona kikombe mkononi mwangu. "Awe kama hii," alisema, akionyesha chai ya maziwa. Alionyesha kikombe. Mkono uliokishika hakuuona.

"Sasa si atakuwa mtu mwingine?" aliuliza Siwatu.

"Ndiyo maana ya maendeleo," alijibu Waziri.

Mjumbe mwingine, mtu mwema, aliyekuwa hajasema kitu, akainua kidole. Alisema yeye si mbaguzi, ana binti zake mwenyewe, na anapendekeza nahodha awe wa buluu. Kesho ina viumbe wa kila namna, wa buluu, wa kijani, wenye macho matatu, na hao hawana ubishi. Kura zikapigwa. Buluu ikakosa kwa kura moja.

Mwishoni, ili isije ikasemwa kwamba Kamati haijali wanawake, waliruhusiwa wawili. Mmoja atakuwa sauti ya milango ya chombo, na kwa kuwa sauti haichoreki, ikaamuliwa ichorwe spika ukutani. Wa pili atakuwa mama wa shujaa, ambaye amekufa kabla Picha haijaanza ili shujaa apate uchungu wa kupigania. Akachorwa kaburi.

Siwatu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada, unaonaje?"

Wajumbe wote saba waligeuka kutafuta anaongea na nani. Walitazama nyuma yangu. Mmoja alitazama juu. Mdomo wangu ulifunguka, na nawaambieni ukweli kwa sababu sina wa kumdanganya tena, nilisema hivi: "Mimi ni wa muhuri tu."

Alinitazama kidogo. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Aliwafuta jioni ileile, kama alivyoamriwa, akichanganya rangi yake kwenye ndoo. Nilimshikia ngazi. Alipofika kwenye kovu la goti aliuliza, bila kugeuka, "Hivi ile sherehe yenu ya kuosha bado ipo?"

Ipo, nilimwambia. Kila Siku ya Taifa Waziri hupanda akaiosha Picha kwa sponji mbele ya umma, ili Kesho yetu iwe safi.

"Anaosha kwa maji au kwa hotuba?"

"Kwa vyote viwili."

"Vizuri," alisema, akaendelea kupaka. Nilipomaliza kushika ngazi, nilifungua pindo la kanga, nikapiga muhuri kwenye pembe ya chini. Karani akaandika: muhuri ulipigwa. Turubai likarudishwa, ili Kesho isipaushwe na jua la leo.

*

Wapimaji wa wizara zote walikuja wiki iliyofuata, wakaingia chini ya turubai na futi za kupimia na tochi. Walihesabu madirisha, madaraja, viatu. Wakahesabu wanaume mia tatu na sita. Wakahesabu wanawake. Mpimaji wa mwisho alirudia mara tatu, kwa sababu alikuwa mtu makini, akaandika: hakuna.

Serikali yetu ni sikivu, haicheleweshi. Kama Kesho haina wanawake, basi waliopo sasa ni wa kumalizia tu. Mwezi haukuisha wodi ya wazazi ya hospitali ya mkoa ikafungwa, maana nani atazaa? Na kwa kuwa kwenye Picha kulikuwa na spika, spika zikaagizwa kwa maelfu, zikakosa pa kuwekwa. Wodi ikajazwa spika. Zilizobaki zikapelekwa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Mlandege, zikajazwa kwenye maabara ya fizikia.

Binti yangu anasoma Mlandege. Anaitwa Adimu, yuko kidato cha nne. Akiwa na miaka kumi na moja alifungua redio ya jirani, akairudisha, vikabaki vipande viwili mkononi, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Mtihani wake wa fizikia wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki tano. Bila vitendo hakuna alama, na bila alama hakuna chuo.

Siku aliyoniambia nilikwenda naye mpaka shuleni. Mlango wa maabara ulikuwa na kufuli, na juu yake wamefunga spika moja kati ya zile zilizozidi. Ukisogea, inaongea, sauti tamu ya kike: "Mlango umefungwa. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako." Adimu alisogea. Ikamshukuru. Akasogea tena. Chini ya kufuli walikuwa wamebandika nakala ya Picha, na kwenye pembe ya nakala ule muhuri wa duara unaoonekana hata na mtu asiyejua kusoma.

"Mama," alisema, "huu si ndio ule unaokaa kiunoni kwako?"

"Ndio."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyepiga."

Nilianza kumweleza kwamba mimi sikuamua, mimi ni daraja la tatu, mimi huambiwa hapa nikapiga hapa. Yule mtoto hakungoja nimalize. Aligeuka akaondoka na madaftari yake kifuani, na kila msichana aliyemfuata kusogelea ule mlango akashukuriwa kwa ushirikiano wake.

Nilikasirika. Naomba mnielewe, mimi si mtu wa kukasirika, nimeelekezwa mlango wa jikoni miaka kumi na tisa na nimekuwa nikipita. Lakini pale nilikasirika mpaka meno yakauma. Niliikasirikia Kamati na viti vyake, na Profesa na kipara cha waziri wake, na yule bwana na kadi yake ya rangi nane. Watu wazima waliosoma wanakaa kivulini wanaweza kuwaza gari linalotembea juu ya mwezi, wanaweza kuwaza ng'ombe wa miguu mitatu, wanaweza kuwaza mtu wa buluu, lakini mwanangu hawawezi kumuwaza. Wameangalia miaka sitini mbele na hawakumwona. Na mimi ndiye niliyegonga.

Nilikwenda mpaka kwa Siwatu. Alikuwa anachora bango la saluni mpya. Nilimfokea mbele ya wateja: kwa nini alikubali kuwafuta, kwa nini hakugoma, mkono si ulikuwa wake?

Alinipisha nikae kwenye ndoo. Akachovya brashi.

"Mwambie mwanao asitupe madaftari," alisema. "Mwambie aje Siku ya Taifa, akae mbele."

*

Siku ya Taifa watu walijaa mpaka barabarani. Wasusi wa mtaa wetu walifunga saluni wakaja wote, na Adimu alikuwepo na wenzake, wamevaa sare. Tarumbeta zilipigwa, turubai likaanguka, Mheshimiwa Mpambalioto akapandishwa kwenye ngazi ya zimamoto akiwa na suti nyeupe, sponji mkono wa kulia, kipaza sauti mkono wa kushoto. Chini yake aliwekwa askari wa kumwagia maji.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kesho haiji yenyewe kama mgeni asiye na adabu. Kesho inaitwa, inapangwa foleni, inakaguliwa! Serikali yenu imeikagua kwa niaba yenu, na leo, kwa mkono wangu huu, naisafisha!"

Akapitisha sponji katikati ya Picha, pale ambapo zamani palikuwa na nahodha na sasa pana anga tupu. Akaipitisha mara mbili. Kisha akasimama, akasogeza uso.

Paliota doa jeusi.

Mimi nilikuwa nimesimama chini na birika, na niliona kila kitu. Waziri aliona doa jeusi kwenye Kesho yake safi, akafanya kile ambacho amekuwa akikifanya maisha yake yote akiona kitu cheusi mahali ambapo hakukitarajia. Akasugua. Doa likakua. Akasugua kwa nguvu zaidi, doa likawa shavu. Akaita sabuni. Sabuni ikaja kwa ndoo, akasugua kwa mikono miwili, kipaza sauti kikaanguka, shavu likawa jicho, na jicho likamtazama.

Wachora mabango wa mtaa wetu wana jambo lao, na kila msusi analijua. Saluni ikitaka tangazo la muda, la sikukuu labda, haifuti bango. Mchoraji hupaka juu yake chokaa iliyokorogwa na rangi ya unga, bila gundi, anaandika anachotaka, na sikukuu ikiisha anapitisha maji. Bango linarudi kama lilivyokuwa. Kwenye ofisi ya Wizara ya Kesho nzima, yenye maprofesa wanne, hakuna aliyewahi kusimama mbele ya saluni akaona jambo hilo likifanyika.

Wasusi walielewa kabla ya wengine wote. Mmoja akapiga kelele, "Mistari hiyo ni ya Siwatu! Twende kilioni hiyo!" Vigelegele vikaanza. Waziri alivisikia, akadhani anashangiliwa yeye, akaongeza bidii. Akamwosha nahodha wote mpaka kovu la goti. Aliamuru ngazi isogezwe, akamsugua anayeruka, akamsugua wa daraja. Kaburi lilipofutika, palepale akasimama bibi na mkono wake wa chuma. Spika ikayeyuka, na nyuma yake kulikuwa na yule wa miwani na chupa yake. Kila alipotokea mmoja umati ulipaza sauti, na kila sauti ilipopaa mtu mzima yule alisugua kama aliyepagawa. Alipoishiwa pumzi wanawake wote kumi na wawili walikuwa ukutani wakimeta kwa maji, na yeye alikuwa ameloa chokaa kuanzia kipara mpaka viatu, mweupe peee, kupita hata ile rangi ambayo Mshauri Mwelekezi alikuwa akiitafuta kwa bidii.

Adimu hakupiga kelele. Alikuwa amesimama mbele kabisa, kichwa amekilaza nyuma, anamtazama yule wa chupa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi pia niliyaacha.

*

Kamati ilikaa kikao cha dharura saa ileile. Hati iliandikwa kwa dakika kumi: kwamba wanawake waliotokea ukutani si watu bali ni uchafu wa kihistoria, kwamba Picha halali ni ile ya kabla ya kuoshwa, na kwamba Siwatu Ndomba akamatwe. Ilikuwa hati nzuri, yenye vifungu. Ilibaki muhuri tu.

"Muhuri uko wapi?" aliuliza Waziri.

Wajumbe wakatazamana. Wakafungua droo, wakainua zulia. Karani akaletewa kumbukumbu za vikao vya miaka kumi na tisa, akasoma kwa sauti: muhuri ulipigwa, muhuri ulipigwa, muhuri ulipigwa. Na nani? Haikuandikwa. Profesa Kihwelo alisema kwa jinsi anavyokumbuka, muhuri ulikuwa ukipigwa wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na muhuri umefungwa kiunoni pangu pale unapokaa siku zote. Sikuuficha. Nilimimina chai, nikazunguka meza nzima, mpini wa mpingo ukawa unagonga gonga viti vyao. Waziri alitaka sukari vijiko viwili.

Bila muhuri hati ni karatasi. Picha iliyopo ukutani ina muhuri pembeni, kwa hiyo ndiyo sheria, na asubuhi yake wapimaji walikuja na futi zao wakahesabu wanawake kumi na wawili. Ila kufungua mlango uliofungwa kwa amri kunahitaji barua yenye muhuri, na mtihani ulikuwa umebakiza siku nne.

Adimu aliiandika barua ile mezani kwetu, kwa mwandiko wake mzuri. Kwamba kwa kuwa Kesho ina mwanamke mwenye chupa ya maabara, maabara ya Mlandege ifunguliwe. Hakunisemesha alipokuwa akiandika. Alikuwa bado hajanisamehe, na nilikuwa sijaomba. Alipomaliza akaisukuma mbele yangu. Nilifungua pindo la kanga. Chini ya kila barua ya serikali pana mstari wa jina la aliyepiga muhuri, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiuacha wazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia niujaze. Niligonga. Kisha nikaomba kalamu, nikaandika: Mwanakheri Shomvi.

Mwanangu aliisoma ile karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. "Hujawahi kuniambia kwamba una mwandiko mzuri, mama," alisema.

Mwalimu Mkuu aliuona muhuri, akatii kama kila mtu katika nchi ile anavyotii. Spika zilitolewa nje zikapangwa uwanjani. Ile ya mlangoni Adimu aliifungua mwenyewe kwa bisibisi, akachomoa nyaya zake, na siku ya mtihani alizitumia.

Barua imewafikia wachunguzi wa Wizara wiki hii. Wametangaza kwamba mwizi wa muhuri ni mwanamume mrefu, msomi sana, huenda ametumwa na nchi jirani, na kwamba jina alilotumia ni la bandia. Jana nimewapelekea chai. Waziri alikuwa ameishika ile barua, chokaa bado haijamtoka kwenye kucha. Aliniita bila kuinua macho.

"Nani hii, hebu nenda kwenye mafaili ututafutie. Huyu Mwanakheri Shomvi ni mtu gani?"

Nilimwambia sawa, mheshimiwa, nitamtafuta. Nikakusanya vikombe vyao saba, nikatoka kwa mlango wa mbele.